Aliyemwamkia Chatu

Chanji, Sumbawanga
11 Februari 1975

Mama Cornelia,

Shikamoo. Hunijui, na habari ninayokuletea si ya kuanzia ujamaa, lakini nivumilie. Naitwa Andwele. Ni bwana mifugo, mtu wa Tukuyu, na mwezi uliopita nilipewa nyumba ya serikali hapa Chanji. Ofisa aliyekuwa akikaa humu alihamishwa mkoa akaacha takataka zake stoo: kitanda kibovu, madebe ya rangi, na kreti kubwa lililofungwa kwa waya. Nikajua ni kreti la kuku. Nikakata waya. Ndani yumo chatu.

Sitakudanganya kwamba nilisimama kidete. Nilikimbia mpaka barabarani na kiatu kimoja. Halafu nikaona aibu, maana watoto wa jirani walikuwa wanacheka, na bwana mifugo gani anamkimbia mnyama? Nikarudi. Mama, yule mnyama ni mifupa mitupu. Uti wa mgongo umesimama kama paa la nyumba. Ngozi ya zamani imemgandia mpaka machoni, kupe wamemjaa chini ya magamba, mdomo una vidonda. Kwa kuwa sikujua la kusema, nikasema, "Shikamoo, mzee." Akanyanyua kichwa.

Jirani yangu Kalista ndiye aliyeona ule mkia uliokatika ncha. Akajishika kichwa. Anasema huyu ni chatu wa mlimani aliyelelewa na marehemu baba yako, mzee Oswaldi, kabla watu hawajahamishiwa vijijini, na kwamba wewe uko Mwazye. Wengine hapa wananiambia nimwagie petroli nimalize kazi. Siwezi. Nimesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, chatu hakuwemo kwenye mtihani, lakini mgonjwa ni mgonjwa. Niambie alikuwa anatunzwaje. Akipona nitamrudisha kwenu.

Wako mtiifu,
Andwele


Mwazye
20 Februari 1975

Mwanangu Andwele,

Marahaba. Barua yako nililetewa na lori la misheni. Nilipofika kwenye habari ya mkia niliketi chini.

Ndiye. Mwezi wa kumi yalikuja malori kutuhamisha. Tulipakia mitungi, kuku, na milango ya nyumba zetu. Baba alipandishwa na jembe lake. Huku nyuma, huyo ofisa alipanda mlima akamtoa chatu kwenye kibanda chake, apate kitu cha kuwaonyesha wageni wake, kama mtu afugavyo kasuku. Baba alipoachiwa alirudi mlimani kwa miguu. Asubuhi tulimkuta ameketi mlangoni pa kibanda kitupu, amekwisha kuwa baridi.

Padri alimzika vizuri, maana Baba hakukosa misa. Lakini tangu tumzike, kila mchana nikishika mchi nitwange, namsikia nyuma yangu akiniuliza alivyoniuliza tangu nikiwa msichana: "Amekula?" Sigeuki. Sijibu. Ningejibu nini?

Sasa sikia. Usimpe chakula kwanza, mpe maji. Kata pipa, utie maji ya vuguvugu, umwache humo mpaka maji yapoe. Kupe watoe kwa mafuta ya kula, mmoja mmoja. Mdomo msafishe kwa maji ya chumvi. Huku kwetu ni baridi, kwa hiyo pasha mawe, uyafunge kwenye gunia uyaweke upande mmoja, upande wa pili uache, achague mwenyewe. Akishakunywa na kwenda haja, mpe panya mdogo. Mtu aliyeshinda na njaa hapewi ng'ombe mzima.

Umesema ulimwamkia. Endelea kumwamkia kila asubuhi, usiache hata siku moja. Na mtilie shati lako kuukuu ambalo hujalifua, ajue harufu ya mtu wake.

Mimi mama yako,
Cornelia


Chanji
9 Machi 1975

Mama,

Shikamoo. Mgonjwa wako anakusalimu, au angekusalimu kama mdomo usingekuwa unamuuma.

Kupe wamekwisha. Kalista alinisimamia mlangoni akinihesabia kwa sauti, hakuvuka kizingiti. Panya wa kwanza alimkataa, nikakosa raha siku nzima kama niliyenuniwa na mkwe. Wa pili akala. Wa tatu nilimpa mkubwa mno, halafu kwa ujinga wangu nikamshika tumbo nione kama limejaa. Akatapika vyote. Nimejifunza: akila, aachwe. Kila siku namwogesha, namtandikia magunia mabichi ajisugue, namwamkia. Shati langu la kijani amelifanya mto. Mke wangu Elizabeth alinishonea shati lile, asisikie.

Elizabeth yuko kwetu Tukuyu, mjamzito, atajifungua mwezi wa nane. Nimeshaomba uhamisho nikawe karibu naye. Huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza atakayefika, wawili hawakufika. Kwa hiyo, Mama, sitakaa hapa sana. Kalista anasema una mtoto wa kiume, Urbano, mwalimu kule Kabwe. Mtume aje amchukue mgeni wenu akipata nguvu kidogo.

Jambo moja la kuchekesha. Stoo inanuka ugoro. Mimi situmii, Kalista hatumii, wala yule ofisa hakutumia, nimeuliza. Jana nilifungua madirisha kutwa nzima. Leo mchana harufu ilikuwa imerudi, na gunia la kukalia lilikuwa limebonyea katikati.

Andwele


Mwazye
18 Machi 1975

Mwanangu,

Baba alikuwa mnusa ugoro. Usifungue madirisha, utamletea chatu mafua.

Urbano ana kazi nyingi, na mguu unamsumbua. Tutaona baadaye.

Macho ya chatu yakigeuka meupe kama maziwa, ujue anataka kujivua. Usimvute ngozi, hata kwenye macho. Ukiivuta utamtoa na jicho. Mwongezee maji, ukae naye mpaka amalize, usimwachie mtu mwingine zamu. Ngozi itakayotoka usiitupe wala kuichoma. Iweke chini ya godoro lako. Na kila asubuhi nyunyiza unga wa ulezi kidogo mlangoni pa stoo.

Umesema ninyi ni wa Tukuyu. Mama yako ana watoto wa kiume wangapi?

Cornelia


Chanji
27 Aprili 1975

Mama Cornelia,

Shikamoo.

Amejivua! Nilikaa naye tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa utosini, sikwenda hata kazini. Alijipitisha katikati ya magunia, polepole, ngozi ikarudi nyuma kama soksi. Vile vifuniko vya macho vikatoka nayo. Halafu akageuka akanitazama, macho mapya kabisa, safi. Mama, mimi ni mtu mzima na nililia. Baadaye nilimpa sungura akammaliza. Sasa ukimwona huwezi kusema ni yule.

Ngozi iko chini ya godoro, unga nanyunyiza, ingawa sijui kitabu gani cha mifugo kinasema hivyo. Umeuliza ndugu zangu. Tuko wanaume wanne, mimi wa pili. Kwa nini?

Nami nina swali, na ucheke ukitaka. Nilipokuwa sokoni, wazee fulani kutoka vijijini walinipisha njia wakainama wakanipigia makofi ya heshima, wazee wa umri wa babu yangu. Nikadhani ni utani wa Wafipa kwa mgeni. Mmoja akaniuliza neno, nikamjibu, akashukuru akaenda zake. Nilifika nyumbani ndipo nikashtuka kwamba nilimjibu kwa Kifipa. Mimi Kifipa sikijui, Mama. Siwezi hata kukurudia nilisema nini.

Tena kuna njia naiona kichwani, mchana kweupe, nikiwa nachanja ng'ombe: mawe mawili yaliyoegemeana, kijito, kisha mwinuko. Sijawahi kufika mahali hapo.

Watu husema jina la mji huu, Sumbawanga, maana yake ni tupa uchawi, na kwetu nilizoea kutania kwamba walioutupa hawakuutupa mbali. Siku hizi sitanii.

Mwezi ujao nina safari ya chanjo upande wa ziwani mpaka Kabwe. Chatu ameshiba, hatadai kitu mpaka nirudi. Nitamtafuta Urbano nimjulie hali ya mguu.

Andwele


Mwazye
6 Mei 1975

Mwanangu Andwele,

Usiende Kabwe. Barabara imeharibika, na kule hakuna ng'ombe wa maana.

Kama serikali imekulazimisha, nenda ukachanje urudi. Urbano usimsumbue kwa habari za chatu. Nakuomba kama mama yako.

Cornelia


Kabwe
22 Mei 1975

Mama Cornelia,

Salamu sina.

Urbano ana miguu miwili mizima, anacheza mpira na wanafunzi wake. Alinikaribisha ugali na samaki wa ziwani, migebuka, kijana mwenye heshima zake. Nikamsimulia yote kwa furaha, jinsi tulivyomponya chatu wa babu yake, mimi na wewe. Kila nilipotaja jambo aliacha kula. Shati. Unga. Ngozi chini ya godoro. Nilipotaja kwamba namwamkia, alinawa mikono kabla chakula hakijaisha akasema, "Kaka, mama yangu amekufanya nini?"

Sasa najua. Katika ukoo wenu, aliyemwamkia chatu, akamwogesha, akakaa naye mpaka akajivua, huyo ndiye mlezi wake mpaka afe. Na mlezi halali nje ya mlima. Akilala nje, mbali na chatu wake, chakula hakimpiti na usingizi hauji. Nilitaka kumcheka Urbano. Sikucheka, maana tangu nilale hapa Kabwe usiku wa kwanza sijapata lepe la usingizi, na wale migebuka niliwatapika wote ufukweni.

Mzigo huo ulikuwa wa Urbano. Ukamtafutia mbebaji. Mimi nilikuwa nakuandikia kama mwanafunzi mjinga, nakueleza kila hatua, nawe unaniambia ongeza na hii, ongeza na ile. Ukaniuliza mama yangu ana wana wangapi! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kupona kwenyewe ndiko huku.

Nina mke, Mama. Nina mtoto njiani. Nimekukosea nini?

Andwele


Mwazye
3 Juni 1975

Mwanangu,

Hujanikosea. Ni kweli yote.

Mrithi alikuwa kaka yangu Beda, akafia migodini Zambia. Baada yake ni Urbano, sina mwingine. Nilikuwa namwona Baba, miaka yote hakulala nje ya mlima. Hakuja hata nilipozaa, hakuja hata tulipomzika mume wangu. Apende asipende, yuko kule. Nami nikaapa mwanangu hatakaa pale. Urbano amechumbia msichana anaitwa Silvana, wanataka kujenga Kabwe. Chatu alipoibiwa, Mungu anisamehe, katikati ya msiba nilishukuru.

Ndipo ikaja barua yako. Umeandika mwenyewe kwamba ulimwamkia, bila kuambiwa na mtu, kwa adabu zako za nyumbani. Nikausoma mstari ule mpaka karatasi ikalegea. Nikasema, mtu huyu amekwisha kujiingiza nusu, mimi nitamsukuma tu. Mama huyu ana mmoja, mama yule ana wanne. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na ni hesabu ya mchawi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nilijifanya ni mimi peke yangu mzazi.

Urbano amekuja hapa, hakutaka hata maji yangu ya kunywa. Anasema atapanda mlima yeye. Nimemkatalia. Na wewe nakukatalia.

Nimefikiri hivi. Wanasema mwanamke hajawahi kuwa mlezi. Basi Baba akiugua nani alikuwa anamlisha chatu? Nani alijua macho yakiwa meupe afanyeje? Haya niliyokufundisha nilifundishwa na nani, kama si mikono yangu? Nitakwenda mimi. Mume sina, mtoto amekua.

Nakutumia khanga niliyojifunga siku ya kumzika Baba, sijaifua. Toa shati lako, tia khanga. Shati livae hivyohivyo. Ngozi nitazika mimi, niletee. Kuanzia leo usimwamkie. Hata akinyanyua kichwa, nyamaza, mlishe utoke. Mwezi wa saba, njia zikikauka, mlete mlimani, na pale nitamwamkia mimi. Wewe ukifungua kinywa yote yataharibika.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uende kwa mkeo.

Cornelia


Tukuyu
28 Septemba 1975

Mama Cornelia,

Shikamoo Mama. Mimi ni Elizabeth, mke wa Andwele. Yeye hajui kwamba nakuandikia. Kwanza pokea habari njema: mtoto amefika, wa kike, anaitwa Suma, ana sauti ya kuamsha kijiji.

Mume wangu alinisimulia habari zenu zote aliporudi. Sikupendi, Mama, kwa ulichomfanyia, nakwambia kweli. Lakini pia alinisimulia siku ile ya mlimani, na nimekosa mahali pa kukuweka moyoni mwangu. Anasema dereva wa Landrova aligoma kule chini, mume wangu akabeba kreti pamoja na Urbano. Hakuuliza njia. Aliyakuta mawe mawili yaliyoegemeana, akavuka kijito, akakukuta umeshafagia kibanda na kuwasha moto. Walipofungua, chatu alitoka mzima, anang'aa, akakupita wewe. Akaenda mpaka miguuni pake yeye, akanyanyua kichwa, akangoja. Anasema alisikia harufu ya ugoro, na Urbano alikuwa analia. Wewe ukapiga magoti ukasema shikamoo, ukarudia, ukarudia tena, mpaka chatu akageuza kichwa.

Mume wangu hakufungua kinywa. Wewe uliona hivyo. Lakini mimi ameniambia jambo ambalo wewe hakukwambia: kwamba moyoni alimwamkia. Anasema hakuweza kujizuia, ni kama kumpita mzazi wako njiani bila neno.

Sasa analala, anakula, kazini anakwenda. Ila kila mchana, tukikaa kula, anaweka tonge chini na kuniuliza, "Amekula?" Mwanzoni nilidhani anamwulizia Suma, nikawa najibu, "Nimemnyonyesha." Juzi niliangalia macho yake. Hamtazami mtoto. Anatazama pembeni, sakafuni, na sauti si yake, Mama. Ni ya mtu mzee. Nikimuuliza amesema nini, anasema hajasema kitu.

Naogopa kumwambia. Naogopa zaidi kwamba mlima utamdai. Wewe uliyemwingiza, niambie nifanye nini.

Mwanao,
Elizabeth


Mlimani, Mwazye
14 Oktoba 1975

Mwanangu Elizabeth,

Marahaba, na hongera kwa Suma. Usinipende, una haki. Barua hii anakuletea Urbano mpaka posta. Siku hizi anakunywa maji yangu.

Mimi niko hapa juu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Modesti, anajua fika kwamba kila mtu anatakiwa akae kijijini, lakini akiulizwa habari zangu anasema macho yake ni mabovu, haoni moshi wowote mlimani. Chatu hajambo. Amenenepa, usaha mdomoni umekauka kabisa. Wiki za kwanza alikuwa akinipita kwenda kulala penye ile njia aliyoondokea mumeo. Sasa analala kwenye khanga yangu.

Usiogope. Mlima haumdai mumeo. Mlima unaye mtu wake, na usiku nalala hapa kwa amani, kitu ambacho sikukitegemea. Hiyo sauti naijua. Ni ya Baba. Amemwona mumeo ni mtu mwema, amehamia kwake kidogo na swali lake. Hataki kitu kingine. Baba hakuwahi kutaka kitu kingine, ndiyo maana sisi watoto wake tulikuwa tukimwonea chatu wivu.

Alivyokuwa akiniuliza mimi nilikuwa nakaza shingo, natwanga kwa nguvu nisimsikie. Kwanza sikuwa na jibu. Baadaye, chatu alipokuwa kwenu Chanji, jibu nilikuwa nalo, nikaona haya kulisema kwa jinsi nilivyolipata. Siku waliyomleta, baada ya mumeo kushuka, nilishika mchi. Akauliza. Nikageuka, hapakuwa na mtu, nikasema, "Ndiyo, Baba, amekula."

Hakuuliza tena. Si siku ile, si kesho yake, wala mpaka leo. Nilidhani nitafurahi. Mwanangu, mchana ukifika nasimamisha mchi nasikiliza, na ni upepo tu wa mlimani. Nilikuwa na baba yangu karibu mwaka mzima nyuma ya bega langu, akizungumza nami, nikampa kisogo.

Kwa hiyo mumeo akiweka tonge chini, usimshtue wala usimpeleke kwa mganga. Mwambie, "Amekula, Baba, Cornelia amemlisha." Halafu mwongezee mboga, mle. Na kabla hujamjibu mara ya kwanza, nakuomba hisani moja ambayo sistahili. Mkaribishe Baba aketi kidogo. Mwonyeshe mjukuu. Mwambie jina lake ni Suma. Ukishajibu hatarudi.

Mimi,
Cornelia